Breki za ABS na Woga wa Breki ya Mbele

Watengenezaji wengi wa pikipiki huuza modeli ileile kwa namna mbili. Injini ni moja, fremu ni moja, tangi ni lilelile na hata rangi hazitofautiani, ila karibu na diski ya gurudumu la mbele la mojawapo pana pete nyembamba yenye matundu, waya unaopanda kando ya shokapu, na herufi tatu zilizobandikwa kwenye madigadi: ABS, yaani mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge breki inaposhikwa kwa nguvu. Bei yake iko juu kuliko ya mwenzake, na mnunuzi husimama katikati ya hizo mbili akijiuliza kama nyongeza ile ina maana. Akimuuliza muuzaji, ataambiwa kwamba pikipiki yenye ABS husimama papo hapo. Akimuuliza fundi, huenda akaambiwa kwamba huo ni mzigo wa waya utakaomsumbua baadaye. Akimuuliza mtu aliyeendesha miaka mingi, atajibiwa kwamba anayejua kushika breki haihitaji.

Majibu yote matatu yana ukweli kidogo ndani yake, na yote matatu yanakikwepa kiini. Msimamo wangu ni kwamba anayeendesha sana kwenye lami achukue yenye ABS, ilimradi nyongeza ya bei isimnyime helmeti nzuri na matairi mazima. Sababu yangu, hata hivyo, si ile ya muuzaji. Faida kubwa ya ABS iko mkononi mwa mwendeshaji kabla haijafika kwenye gurudumu, kwa maana inamwondolea adhabu inayomfanya aiogope breki iliyo bora kuliko zote alizonazo, yaani breki ya mbele.

Woga huo una msingi. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake na wa aliyeipanda huegemea mbele. Tairi la mbele hugandamizwa barabarani na la nyuma hubaki jepesi, kiasi kwamba breki inaposhikwa kwa nguvu, sehemu kubwa kabisa ya kazi ya kusimamisha hufanywa na gurudumu la mbele. Kwa hiyo mwendeshaji anayetegemea kanyagio la nyuma peke yake anatumia sehemu ndogo ya uwezo wa pikipiki yake. Lakini gurudumu hilohilo la mbele ndilo linaloishikilia pikipiki wima. Likijifunga, yaani likiacha kuzunguka huku pikipiki bado inakwenda, usukani haushiki tena njia, ule usawa unaotokana na mzunguko wa gurudumu hupotea, na katika muda usiofika sekunde moja mtu anaweza kuwa ameshalala chini. Gurudumu la nyuma likijifunga, mkia huyumba na mwendeshaji hupata nafasi ya kujirekebisha. La mbele halitoi nafasi hiyo. Ndiyo maana wanafunzi wengi huambiwa siku ya kwanza kabisa: usiguse breki ya mbele, itakurusha. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na madhara yake hudumu miaka mingi, kwa sababu mkono uliofundishwa kuogopa hauachi kuogopa siku ambayo gari limekatiza mbele yake.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozifuatilia mpaka mahali zilipotokea, katika eneo la Los Angeles. Waliona kwamba waendeshaji wengi, pale walipotakiwa kujiokoa, walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi mpaka tairi likaserereka, na ya mbele wakaitumia pungufu ya inavyostahili. Waliona pia kwamba, kwa kawaida, muda wote aliokuwa nao mtu tangu hatari ilipojitokeza haukufika sekunde 2. Katika sekunde 2 hakuna anayepima msuguano wa lami wala kukumbuka somo. Mkono hufanya kile ulichokizoea, au hufanya kile ambacho hofu inauamuru.

Nimeyapitia yote mawili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na pikipiki isiyo na ABS, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha dakika chache tu zilizopita, ile mvua ya mwanzo inayochanganyika na vumbi na mafuta ya barabarani na kuifanya lami iteleze kama sahani ya mchuzi. Gari dogo likatoka barabara ya pembeni bila kusimama. Sikuwa na mwendo mkubwa. Nilishika breki ya mbele kwa vidole vinne, kwa nguvu zote na kwa mara moja, na kitu ninachokikumbuka mpaka leo ni wepesi: usukani ulikuwa mwepesi ghafla, kana kwamba mtu ameondoa gurudumu chini yangu. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka sauti ya kigingi cha miguu kikisaga lami, na bega langu likiwa chini. Gari lile sikuligusa kabisa, lilikuwa limekwisha kupita. Breki yangu mwenyewe ndiyo iliyoniangusha. Jeraha la goti lilipona upesi kuliko mkono, maana kwa muda wa karibu mwaka mzima baada ya hapo nilikuwa nikiigusa breki ya mbele kama mtu anayepima joto la sufuria, na naamini kwamba mwaka ule nilikuwa katika hatari kubwa kuliko siku niliyoanguka.

ABS hufanya kazi hapo hasa, kati ya nguvu ya vidole na nguvu inayofika kwenye pedi. Kila gurudumu lenye mfumo huo lina sensa inayosoma matundu ya ile pete yanavyopita, na kompyuta ndogo hulinganisha mizunguko hiyo bila kupumzika. Pikipiki yenyewe haiwezi kupunguza mwendo kwa haraka kupita kiwango fulani. Basi kompyuta ikiona gurudumu linapunguza mizunguko kwa kasi ambayo pikipiki haiwezi kuifikia, inajua kwamba gurudumu hilo liko mbioni kujifunga. Papo hapo vali huzuia presha ya mafuta ya breki isiongezeke, na ikibidi huipunguza, gurudumu linaanza tena kuzunguka vizuri, kisha presha inarudishwa. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mwendeshaji husikia leva ikimdundadunda vidoleni, na wengine hushtuka na kuiachia wakidhani kuna kitu kimevunjika. Hawapaswi kuiachia. Mdundo huo ni taarifa kwamba tairi limefika ukingoni mwa uwezo wake na linashikiliwa pale lisivuke.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maneno ya muuzaji. Kwenye lami kavu na safi, mwendeshaji aliyejifunza vizuri anaweza kusimama kwa umbali unaokaribiana na wa ABS, na pengine mfupi zaidi kidogo. Sheria za fizikia hazibadiliki kwa sababu ya kompyuta: tairi likiwa kipara, ABS itakachosimamia ni uwezo mdogo wa tairi kipara. Kinachobadilika ni kile ambacho mtu wa kawaida anathubutu kukifanya. Tuchukue pikipiki mbili zinazokwenda kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 katika kila sekunde. Mwendeshaji wa kwanza anabana breki zote kwa ujasiri na kupunguza mwendo wa karibu kilomita 29 kwa saa katika kila sekunde inayopita. Atasimama baada ya mita 17 na nusu hivi tangu breki ziliposhika. Wa pili anabana kwa kusitasita na kupunguza kilomita 18 tu kila sekunde; yeye anahitaji karibu mita 28. Tofauti ya mita 10 inaweza kuonekana ndogo kwa aliyekaa kwenye kiti. Lakini pale mwenzake aliposimama kabisa, huyu wa pili bado anakwenda karibu kilomita 37 kwa saa, na mwili wake utagonga chochote kilichopo mbele kwa mwendo huo.

Ushahidi kutoka barabarani unaelekea upande huohuo. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, inayojulikana kwa herufi IIHS, ililinganisha pikipiki za modeli zilezile zilizouzwa zikiwa na ABS na zilizouzwa bila ABS, na katika uchambuzi wake wa mwaka 2013 ikaona kwamba zenye ABS zilikuwa na kiwango cha ajali za vifo kilicho chini kwa asilimia 31. Mtu makini atauliza mara moja: je, si kwamba wanaonunua ABS ni watu waangalifu tangu awali? Swali hilo ni halali, na ulinganisho wa aina hiyo hauwezi kuliondoa lote. Ndiyo maana naupa uzito uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2015 na kutumia takwimu za ajali za Italia, Hispania na Sweden. Watafiti hao walilinganisha aina za ajali ambazo breki zingeweza kuzibadilisha na aina ambazo breki hazizibadilishi sana, kama vile kugongana uso kwa uso, ili tabia ya mwendeshaji isichanganywe kirahisi na kazi ya chombo. Walikadiria kwamba ajali zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 24 Italia, 29 Hispania na 34 Sweden. Nchi tatu zenye pikipiki tofauti na hali ya hewa tofauti zimetoa majibu yanayoelekea njia moja, na kwangu hilo linatosha kusema kwamba faida ipo kweli, hata kama asilimia yenyewe itabishaniwa.

Sasa turudi kwa yule mwendeshaji wa miaka mingi. Namheshimu, na kwa sehemu anasema kweli: kubana breki hatua kwa hatua mpaka ukingoni, kuhisi tairi, kuachia kidogo na kubana tena, ni ufundi halisi na unajifunzika. Hoja yake inaharibika pale anapodhani kwamba siku ya hatari itafanana na siku ya mazoezi. Kwenye mazoezi anajua breki ataishika wapi, lami ameitazama, mkono umejiandaa. Barabarani hajui kama mita tano mbele pana mchanga mwembamba, rangi ya kivuko iliyolowa, mfuniko wa chuma au mafuta yaliyomwagika usiku. Ufundi wake ulipimwa juu ya lami aliyoijua, na ABS hupima lami ile ile iliyo chini ya tairi wakati huohuo. Tena ufundi wenyewe unaondoka na uchovu, baridi ya vidole, glavu zilizolowa, na abiria anayekusukuma mgongoni. Sijawahi kuona kwa nini aliye hodari akatae kitu ambacho hakimwingilii siku zote anapofanya vizuri, na ambacho kinazinduka tu pale anapokosea.

Kuhusu hofu ya kwamba teknolojia hii bado changa, historia inatosha kujibu. Wahandisi wa Uingereza waliijaribu pikipiki ya Royal Enfield yenye mfumo wa kimekanika wa kuzuia gurudumu kujifunga mwaka 1958. BMW ilianza kuuza K100 yenye ABS ya kielektroniki mwaka 1988, na mfumo ule wa kwanza ulikuwa na uzito wa karibu kilo 11. Vifaa vya sasa vina uzito usiofika kilo moja. Umoja wa Ulaya uliifanya ABS kuwa ya lazima kwa modeli mpya za pikipiki zilizo juu ya daraja la sisi 125 (cc, kipimo cha ukubwa wa injini) kuanzia mwaka 2016, na mwaka uliofuata kwa pikipiki zote mpya za daraja hilo. India ilifanya hivyo kwa pikipiki zote mpya zinazozidi sisi 125 kuanzia Aprili 2019.

Sheria hizo zina shimo ambalo mnunuzi wa pikipiki ndogo anapaswa kulitazama kwa makini. Kwa pikipiki za sisi 125 na kushuka, sheria za sehemu zote mbili nilizozitaja, zilipoanza, ziliruhusu mtengenezaji aweke CBS badala ya ABS. CBS ni breki zilizounganishwa: ukishika moja, nyingine nayo inashika kwa kiasi fulani. Inamsaidia yule anayekanyaga ya nyuma tu, kwa kuwa ya mbele nayo inapata kazi, na hilo ni jema. Lakini haizuii gurudumu kujifunga hata kidogo. Nimesikia wauzaji wakiitaja kana kwamba ni ndugu wa ABS kwa bei ya chini, na mnunuzi anaondoka akiamini kwamba amepata kinga ambayo hakuipata. Herufi zisomwe vizuri kabla ya pesa kutolewa.

Vivyo hivyo, si kila ABS inashughulikia magurudumu yote mawili. Pikipiki nyingi za bei ya kati zina ABS kwa gurudumu la mbele tu, huku la nyuma likiachwa na breki ya kawaida, mara nyingi ya dramu. Wapo wanaoidharau aina hii, nami siidharau. Kwa kuwa kujifunga kwa gurudumu la mbele ndiko kunakoangusha mtu kwa haraka, ABS ya mbele peke yake imeshafunika hatari iliyo kubwa zaidi, na mwenye bajeti finyu asione haya kuichagua. Anayeweza kupata ya magurudumu yote mawili achukue hiyo, hasa kama hubeba abiria au mizigo, kwa sababu mzigo ukibadilika, kiwango cha breki ya nyuma ambacho mguu umekizoea nacho hubadilika.

Ipo mipaka, na asiyeambiwa mipaka hiyo amedanganywa. Kwenye changarawe nene au mchanga, gurudumu lililojifunga hujirundikia kokoto mbele yake na kusimama mapema. ABS inayolizuia lisijifunge inaweza kurefusha umbali wa kusimama, na kwenye mteremko wenye udongo uliolegea inaweza kumfanya mtu ahisi kama hana breki. Ndiyo maana pikipiki nyingi za safari ngumu zina swichi ya kuizima ABS ya nyuma, na kanuni za Ulaya zenyewe ziliziacha nje pikipiki za enduro na trial, yaani zile za mashindano na njia za porini. Ambaye njia zake nyingi ni za vumbi na mawe ana haki ya kufikiri tofauti na mimi, ingawa ningemshauri atafute yenye swichi kabla ya kuchagua isiyo nayo kabisa. Kwenye kona nako kuna shida yake. Tairi lililolala linatumia sehemu ya mshiko wake kushikilia kona, na ABS ya kawaida haijui kwamba pikipiki imelala. Mifumo inayopima mwinamo ipo, na kampuni ya KTM iliiweka kwenye pikipiki yake ya 1190 Adventure ya mwaka 2014, lakini bado haijawa ya kawaida kwenye pikipiki za bei nafuu. Mwenye ABS ya kawaida amalize kupunguza mwendo kabla ya kuingia kona, kama alivyotakiwa kufanya hata asipokuwa nayo.

Hoja ya fundi kuhusu matengenezo haistahili kupuuzwa, ingawa mara nyingi inakuzwa. Mfumo ukiharibika, kwa kawaida breki hubaki zikifanya kazi kama breki za kawaida. Kinachopotea ni ulinzi, na taa ya ABS kwenye dashibodi huwaka kutoa taarifa. Kinachohitaji nidhamu ni mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, kiwango chake cha kuchemka hushuka, na maji yaliyomo huanza kula vyuma vidogo vya ndani ya kile kifaa chenye vali, ambacho kukibadilisha ni gharama kubwa. Watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kwa pikipiki ya ABS sioni kwa nini mtu apitishe muda huo. Sensa nazo zisafishwe tope, na matairi yabaki ya vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa kompyuta imehesabu mizunguko kwa kipimo hicho.

Anayenunua iliyotumika ana kazi moja rahisi inayoweza kumwokoa. Afungue ufunguo na kuitazama taa ya ABS: inapaswa kuwaka, ikae imewaka wakati pikipiki imesimama, kisha izime yenyewe baada ya kuanza kutembea taratibu. Ikibaki imewaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, ashuku zaidi, maana taa iliyofichwa ni mbaya kuliko taa inayolalamika. Pikipiki ya ABS iliyokufa isilipiwe bei ya ABS.

Na pesa zikiwa chache kiasi kwamba kuchagua ABS ni kubaki na helmeti ya maonyesho na tairi lililoisha, mimi ningechukua isiyo na ABS, nikanunua helmeti na matairi, nikajifunza breki ya mbele kwa subira. Lakini uchaguzi huo mgumu hauwahusu wengi wanaodai kuwa nao. Mara nyingi pesa ile ile huishia kwenye ekzosi yenye mlio, taa za urembo na boksi la nyuma, vitu ambavyo hakuna hata kimoja kitakachofanya kazi ndani ya zile sekunde 2.

Aliyekwisha kuinunua ana deni moja kabla hajaingia kwenye msongamano wa magari. Atafute uwanja mtupu wenye lami safi, avae kama anayekwenda safari, aende kilomita 30 kwa saa akiwa amenyooka, abane klachi, kisha abane breki ya mbele pamoja na ya nyuma mpaka leva ianze kudunda, na asiiachie mpaka pikipiki isimame. Mara ya kwanza niliyojaribu hivyo, vidole vyangu viliachia vyenyewe kabla ya mdundo kuanza, mara tatu mfululizo. Mara ya nne niliyaelekeza macho mbali, mwisho wa uwanja, nikabana. Leva ikadunda mara tano au sita, pikipiki ikatulia wima, na nikaweka mguu chini.